Mkojo Kupitishwa Utumboni: Upasuaji wa Mwisho kwa Wanawake wa Masisi na Walikale

Mpasuaji wa fistula anapompima mama mara ya kwanza hutafuta jambo moja kabla ya yote: kibofu kimebaki kiasi gani? Mara nyingi kimebaki cha kutosha. Kuna tundu kati ya kibofu na uke, kingo zake zinaweza kusogezwa zikakutana, zikashonwa, na mama akarudi kwao amekauka. Kwa mikono iliyofunzwa, zaidi ya wanawake wanane katika kumi hufungwa tundu lao. Makala haya yanawahusu wanaobaki. Kibofu chao kimemomonyoka, mrija wa kutolea mkojo haupo tena, uke umegeuka kovu gumu, nao wameshashonwa mara mbili, tatu, hata tano, na mikojo bado inachuruzika. Njia moja iliyobaki kwao ni kuachana na kibofu kabisa. Mpasuaji hukata ureta, mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka figo, akaipandikiza kwenye utumbo mpana. Tangu siku hiyo mama huenda haja ndogo na kubwa kwa njia moja, ile ya nyuma.

Upasuaji huo wenyewe haushindikani Kongo. Goma ipo HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn; Bukavu ipo hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, iliyofunguliwa mwaka 1999. Kote kuwili fistula ni kazi ya kila siku, na huko ndiko hupelekwa wanawake wa Masisi na Walikale, teritori mbili za Kivu Kaskazini, ambao hospitali za kwao zimeshindwa kuwatibu. Kinachonishughulisha mimi ni miaka ishirini inayofuata. Anayepitishiwa mkojo utumboni hatoki hospitalini akiwa amepona, anatoka akiwa mgonjwa wa kudumu mwenye nguo kavu, na ugonjwa wake mpya unahitaji maabara, choo na barabara. Masisi na Walikale hivyo vitatu ndivyo adimu kuliko kisu.

Tuanze na chanzo, maana Kivu kimepotoshwa sana. Mtoto anapokwama nyongani siku mbili au tatu, kichwa chake hukigandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena. Damu haipiti, nyama hufa, na siku chache baadaye hudondoka na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi huzaliwa amekufa. Kinga yake ni upasuaji wa kujifungua uliofanywa kwa wakati, na wakati ndio unaokosekana. Walikale ndiyo teritori kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Masisi ni milima ya malisho, kijiji kinaonekana ng'ambo ya bonde ilhali kukifikia ni safari ya nusu siku. Mama mwenye uchungu hubebwa kwa kipoyi na vijana wanaopokezana mabegani, na wakikuta kizuizi cha wenye bunduki husimama wajieleze. Kuna miaka ambayo kasiterite, madini ya bati ya mgodi wa Bisie ulioko Walikale, ilikuwa ikibebwa mgongoni kutoka msituni, kisha ikafikishwa Kilambo, ambako kipande cha barabara kiligeuzwa uwanja wa ndege ndogo zilizoipeleka Goma. Madini yalikuwa na ndege.

Dunia, hata hivyo, iliijua Walikale kwa jambo jingine. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 wapiganaji waliingia Luvungi na vijiji vingine kumi na viwili vya barabara ya Kibua na Mpofi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 waliobakwa, wanaume na watoto wakiwemo. Mmoja wa makamanda waliotajwa, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma mwezi Novemba 2020. Tangu siku zile, kusema fistula ya Kivu ni kusema ubakaji. Ubakaji wa kikatili unaweza kweli kupasua uke na kibofu, na madaktari wa Goma walishaandika visa hivyo kwa kina. Lakini hesabu ya Panzi yenyewe, ya wagonjwa 604 wa fistula waliotibiwa kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007, iliwapata 24 tu waliosema fistula yao ilitokana na ubakaji. Walipochunguzwa zaidi, ni watano ambao tundu lilitokana moja kwa moja na kitendo kile. Wengine walikuwa na fistula hata kabla ya kubakwa, au waliipata katika uchungu wa muda mrefu, au katika mikono ya watu waliowapasua vibaya baadaye.

Dhana hiyo potofu iliathiri fedha. Mtafiti Séverine Autesserre aliandika mwaka 2012 jinsi simulizi moja ya ubakaji ilivyovuta misaada Kongo Mashariki hadi baadhi ya wanawake wakalazimika kujitaja kuwa wamebakwa ili watibiwe fistula bure. Aliyepata fistula kwa sababu kituo cha afya hakikuwa na daktari hakuwa na hadithi ya kutosha. Nalitaja hili kwa sababu lina mkono katika idadi ya wanawake wanaofikishwa kwenye upasuaji wa utumbo: fedha za kutibu majeraha zilipatikana kwa urahisi kuliko fedha za kumfunza daktari wa Pinga, Walikale, kupasua mama kwa wakati na kwa usahihi.

Usahihi nao una uzito wake. Sehemu ya fistula za Afrika huzaliwa chumba cha upasuaji: mama amefikishwa amechelewa, kizazi kimepasuka, daktari kijana anapasua usiku kwa mwanga hafifu, na sindano au mkasi unagusa kibofu au ureta. Tom Raassen, aliyewapasua wanawake wa fistula Afrika Mashariki kwa miongo mingi, alikusanya na wenzake majeraha 805 ya aina hiyo katika miaka 18. Kwa mada yetu kuna jambo hapa ambalo hospitali ndogo huweza kulikosea. Ureta moja iliyokatwa au kufungwa kwa bahati mbaya, kibofu kikiwa kizima, haidai utumbo hata kidogo. Hupandikizwa tena kwenye kibofu, mama akakauka na kuishi kama zamani. Kumpeleka mwanamke huyo utumboni kwa kuwa amevuja muda mrefu ni kumpa ugonjwa asiokuwa nao.

Wazo la kuusogeza mkojo utumboni ni la zamani. Mwaka 1851 huko London, John Simon alijaribu kuunganisha ureta na njia ya haja kubwa kwa mvulana aliyezaliwa kibofu chake kikiwa wazi nje ya tumbo. Mvulana alikufa mwaka uliofuata. Tatizo lililowaua wengi baadaye lilikuwa rahisi kulieleza: kinyesi kina bakteria, utumbo unapojikaza husukuma uchafu kurudi juu, na figo zinaoza. Mwaka 1911 Robert Coffey, Mmarekani, alionyesha kwamba ureta ikipitishwa kwanza chini ya utando wa utumbo, mithili ya handaki fupi, shinikizo la ndani huibana na kuzuia mkojo usirudi. Kwa miaka arobaini hivi njia hiyo ndiyo iliyotawala. Kisha miaka ya 1990 wapasuaji wa Mainz, Ujerumani, wakaongeza hatua moja: wanaupasua utumbo kwa urefu wa kama sentimita ishirini na kuushona upya uwe mfuko mpana. Utumbo uliopasuliwa hivyo haujikazi kwa nguvu, shinikizo hushuka, figo hupumua, na mama hashtuliwi kila saa. Mfuko huo wa Mainz ndio unaotumika sana siku hizi kwa wanawake wa fistula barani Afrika. Hauhitaji vifaa vya ajabu, na mama haondoki na mfuko wa plastiki tumboni.

Kabla ya yote hayo lazima ithibitishwe kwamba misuli ya njia ya nyuma inafunga. Uchungu uliokiua kibofu unaweza kuwa umeumiza mishipa ya fahamu ya misuli hiyo pia, na baadhi ya wanawake wana fistula ya pili upande wa kinyesi. Kipimo ni cha kienyeji: mama huingiziwa kwa nyuma kama nusu lita ya maji mazito au uji mwepesi, kisha hutembea, hukaa, hulala nao kwa saa kadhaa. Akiuzuia, anaweza kupasuliwa. Akishindwa, akapasuliwa hivyo hivyo, atakuwa amebadilisha kuvuja mkojo kwa kuvuja mkojo na kinyesi pamoja. Sijui msiba wa upasuaji mkubwa kuliko huo, na kinga yake ni kikombe cha uji.

Ugonjwa wa kudumu niliousema huanza kwenye damu. Kibofu hutunza mkojo bila kuunyonya. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya, na haubagui. Mkojo ukikaa humo, amonia na kloridi hurudi kwenye damu, bikaboneti hutoka, potasiamu hupungua. Damu inakuwa na asidi. Mwaka 1950 Ferris na Odel wa Mayo Clinic waliwapima wagonjwa waliopandikizwa ureta utumboni wakakuta karibu wanane katika kumi wana damu ya namna hiyo. Mwaka huohuo Eugene Bricker alieleza njia yake ya kutoa mkojo tumboni kupitia kipande cha utumbo mwembamba, na wapasuaji wa nchi tajiri wakahamia huko kwa wingi.

Ni dalili gani anazoziona mama? Uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kiu, miguu kulegea, pumzi nzito. Miaka ikipita mifupa nayo hupoteza chokaa. Sasa mweke mama huyo kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Hombo. Muuguzi atampima malaria, na kipimo huenda kikasoma malaria kweli, kwa sababu huku ni Walikale. Atapewa dawa za malaria. Wiki ya pili atarudi, dhaifu zaidi, atatundikiwa maji. Hakuna atakayeomba ionogramu, kipimo cha chumvi za damu, kwa kuwa hakuna mashine, na hakuna aliyewahi kumwambia muuguzi kwamba mwanamke huyu mkojo wake unapita wapi. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo, unga au vidonge vya bikaboneti ya soda vya kunywa kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kujua kwamba anavihitaji na mtu wa kuhakikisha haviishi.

Halafu kuna choo. Anayeishi na mfuko wa utumbo anapaswa kuutoa kila baada ya saa mbili au nne, na usiku aamke, kwa sababu mkojo ukikaa sana hunyonywa zaidi na misuli iliyolala huachia. Sharti hilo ni jepesi Mainz, si kambini. Tangu mwishoni mwa 2022 mamia ya maelfu ya watu wa Masisi na Rutshuru walikimbilia makambi ya kando ya Goma: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Foleni ya choo kule ilikuwa shughuli ya asubuhi nzima. Tena ndiko kipindupindu kilikokuwa kikirudi kila mara. Kuhara humtikisa kila mtu, lakini kwa mwanamke huyu utumbo ndio kibofu. Akihara hawezi kuzuia chochote, na chumvi anazopoteza ni zilezile ambazo tayari zilikuwa pungufu. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, makambi yalivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Walikale-centre nayo ilitekwa mwezi Machi mwaka huohuo, kabla wapiganaji hawajaondoka mwezi uliofuata. Ratiba ya kliniki ya kila miezi mitatu haiwezi kusimama kwenye ardhi ya namna hiyo.

Jambo la tatu huchelewa, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Pale ureta inapoungana na utumbo, mkojo na kinyesi vinapokutana kila siku, saratani ya utumbo huota mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Huchukua miaka, aghalabu ishirini na zaidi. Wazee wa saratani ya kibofu waliopasuliwa hivyo Ulaya wengi hawakuishi kiasi cha kuiona. Walioionyesha ni watoto waliozaliwa na kibofu wazi, wakapasuliwa wadogo, wakakua. Wanawake wa fistula wako kundi la hao watoto. Msichana wa Masisi aliyepasuliwa akiwa na miaka 19 atafikia umri wa hatari kabla hajatimiza 45, pengine akiwa na wajukuu wa kwanza. Mwongozo wa nchi zenye uwezo unadai aanze kuchunguzwa kwa kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kwa nyuma, miaka kadhaa baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Kolonoskopi ya kila mwaka kwa mwanamke wa Nyabiondo ni sentensi ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuitamka bila kutahayari.

Kwa hiyo wapo wapasuaji wanaokataa kabisa, nami nawaelewa. Mmarekani Steven Arrowsmith, aliyewahi kufanya kazi hii Nigeria na Ethiopia, aliandika mwaka 2007 akiuliza kwa uwazi kama inafaa kumpa mwanamke upasuaji unaodai ufuatiliaji ambao hautakuwepo. Jibu la Addis Ababa lilikuwa la aina yake. Hospitali ya fistula iliyoanzishwa huko na Catherine na Reginald Hamlin iliwatoa baadhi ya wagonjwa wake wasiotibika mkojo tumboni, kwenye mfuko wa nje, kisha ikaona haiwezi kuwarudisha vijijini kusikopatikana mifuko. Ikawajengea kijiji nje ya mji, Desta Mender, wakaishi humo wakifanya kazi karibu na madaktari wao. Lilikuwa jibu la heshima, nalo liliwezekana kwa sababu palikuwa na hospitali moja, mji mmoja na utulivu wa kiasi.

Mfuko wa nje ni salama zaidi kwa damu. Kwa Walikale una kasoro moja inayotosha kuufuta: ukiisha, umekwisha. Kipande cha plastiki na gundi yake hakiuzwi Mubi wala Ndjingala, na mwanamke mwenye shimo la mkojo tumboni bila mfuko yuko vibaya kuliko alivyokuwa. Upande mwingine kuna ushauri wa kutompasua: vitambaa, sabuni, mafuta ya kukinga mapaja yasichomwe na mkojo, kazi ya mikono, mahali pa kulala. Ni ushauri wenye mantiki ya kitabibu. Wanaoutoa hulala pakavu.

Hapo ndipo ridhaa inapokuwa ngumu. Mama aliyelowa miaka kumi, anayelala peke yake, ambaye kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, atakubali kisu chochote utakachomtajia. Si ujinga huo. Amepima kwa akili kabisa, na upande wa pili wa mizani hauna kitu. Ndiyo maana daktari kumsomea hatari za asidi na saratani hakutoshi hata kama amesoma kwa Kiswahili kizuri, au kwa Kinyanga, au kwa Kinyarwanda. Anapaswa kukutanishwa na mwanamke mwenzake anayeishi na mfuko huo, amwambie kwa maneno ya kike yanayoeleweka: usiku inakuwaje, mume akirudi inakuwaje, ukipanda basi la Sake unafanyaje. Hospitali za Kivu zina desturi nzuri ya kuwaweka wagonjwa hawa pamoja miezi mingi wakisubiri na kupona. Hao wa zamani ndio washauri wenyewe, ila ni nadra kuona wakilipwa kwa kazi hiyo.

Maoni yangu: upasuaji huu ufanywe, kwa wachache, na kwa masharti. Asipasuliwe mtu ambaye hajaonwa na wapasuaji wawili wa fistula wenye uzoefu, wakakubaliana kwamba kibofu hakirudi. Kambi ya upasuaji ya wiki mbili, ile ambayo wageni huja, hupasua, hupiga picha na kuondoka, isiuguse kabisa. Wanaopasua wawe wale watakaokuwepo mwezi ujao.

Ufuatiliaji nao ushushwe hadi ulipo uwezo. Figo zilizoanza kuvimba huonekana kwa ekografi ya kawaida, na mashine hiyo ipo hata kwenye hospitali kuu za Masisi na Walikale ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi kwa miaka. Mama apewe bikaboneti ya miezi sita, na kadi ngumu ya Kifaransa na Kiswahili inayomweleza muuguzi yeyote mambo matatu: mkojo unapita utumboni, homa na maumivu ya ubavu ni figo hadi ithibitishwe vingine, na akihara atibiwe mapema kuliko wengine. Akiona damu kwenye choo miaka kumi baadaye, kadi imwambie aende Goma. Hili la mwisho halitamwokoa kila mtu, lakini ni tofauti na ukimya uliopo.

Kadi, hata hivyo, huungua pamoja na nyumba. Kilicho kigumu zaidi kukipata ni daftari moja la mkoa la wanawake wote waliopitishiwa mkojo utumboni, linalotunzwa nje ya mradi wowote wa mfadhili. Kwa miaka mingi matibabu ya fistula Kivu yaliegemea fedha za Marekani, na mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, lilivunjwa. Mradi ukifungwa, kompyuta zake huondoka na orodha zake. Aliyepasuliwa mwaka 2010 ataanza kuingia kwenye miaka ya saratani mwaka 2030. Kama jina lake na kijiji chake vimeandikwa mahali, kazi ya kumtafuta inafaa ianze sasa, wakati baadhi ya wauguzi waliomhudumia bado wako Goma na wanakumbuka alitokea upande gani wa Mweso.